Wimbo wa Mtungi Mzima

Kabla ya adhana, tone la maji lilianguka ndani ya sufuria tupu iliyoachwa uani, kisha jingine. Sitelbanat aliamka, akajua ni mfereji. Mheshimiwa mmoja aliuzindua miaka ya nyuma, akakata utepe, akapigwa picha. Tangu siku hiyo haukuwa umetoa hata jasho, kwa sababu nyuma ya ukuta hakukuwa na bomba la kuuletea maji.

Mjukuu wake Ramzy alikuwa ameketi mlangoni na simu, akisikiliza albamu aliyomaliza kurekodi na mwenzake Ciru wa Kawangware. Alikuwa amepunguza sauti asimwamshe nyanya yake. Sitelbanat alikinga maji, akatawadha, akamwambia aongeze kidogo.

Haikuchukua muda mtaa wao mzima wa Sarang'ombe ukajua. Albamu ikichezwa karibu na mfereji mkavu, maji yalitoka hadi nyimbo ziishe. Kawangware, kwenye ploti ya mama yake Ciru, mambo yalikuwa vivyo hivyo, na wasikilizaji walianza kutoa maoni. Eddah, muuza omena wa Kisumu Ndogo hapo jirani, alisema wimbo wa kwanza una maneno mazuri lakini haujazi birika. Mzee Obiero aliupenda wa nne, wa mapenzi, maana maji yake yalitoka vuguvugu na magoti na mkono mmoja vilimsumbua. Ila wa tatu, wenye ngoma ya harusi ya Wanubi iliyopigwa na Sitelbanat mwenyewe, ulijaza mtungi mzima. Watu walipanga foleni wakiuimba. Njiani walimwita nyanya yao, "shosh wa ngoma," naye alitembea polepole ili wamwite tena.

Kisha Kagiri, mhakiki wa gazeti la mjini, akaandika kwamba albamu ni nzuri, ila wimbo wa tatu ni mrefu mno. Ngoma inajirudia. Ukatwe nusu. Kituo kimoja cha redio kikasema ukikatwa, kitaucheza kila siku.

Ramzy alifungua kompyuta, Ciru kando yake.

"Ni redio, Ciru. Tumeingoja tangu tuko shule."

"Najua. Kata basi. Lakini wewe ndio utamwambia Eddah."

Ramzy hakukata, wala hakuifunga kompyuta. Sitelbanat aliwawekea chai, akarudi kwenye ufumaji wake.

Jumamosi Kagiri alikuja kuwahoji. Aliwakuta watu kwenye foleni, wimbo wa tatu umefika katikati. Eddah, asiyemjua, alimpa mtungi wa Obiero.

"Shika hapo, buda. Mzee hawezi kuinama."

Kagiri alikinga. Wimbo ulipokwisha, maji yalikuwa nusu.

"Unaona?" Eddah alisema. "Kuna msee wa gazeti anataka tubaki hapo. Huyo kwao huoga na soda."

Kagiri aliutazama mtungi. "Ni mimi."

"Ni wewe? Sawa. Usitoe mkono basi, turudishe mwanzo."

Ulipojaa aliubeba hadi kwa Obiero, viatu vikiloa. Sitelbanat aliona kwamba aliutua taratibu, akaufunika, na kuugeuza mshikio uelekee upande wa mkono mzima wa mzee.

Wiki iliyofuata Kagiri aliandika kwamba alikosea: wimbo wa tatu ni mfupi. Ciru alilisoma gazeti kwa sauti, mara mbili, na foleni nzima ikapiga makofi. Ramzy akaifunga kompyuta. Redio haikuucheza.

Mheshimiwa yule wa utepe naye alisoma gazeti. Alikuja na mpiga picha na kibao kilichoandikwa jina lake na maneno "Mradi Umekamilika," kikagongomewa ukutani. Akasimama kando ya mfereji, maji yakimwagika vizuri, kwa kuwa Eddah alikuwa na simu ikiimba mfukoni mwa aproni.

Jua lilikuwa kali. Sitelbanat alimpa kiti na glasi ya maji yale. Aliyanywa yote, akayasifu kuwa ni baridi. Alipoinuka, Sitelbanat alimsindikiza hadi langoni, kama alivyomsindikiza kila mgeni.

"Karibu tena, mwanangu," alimwambia. "Ukija, njoo na bomba."