Miji Saba, Toleo la Haraka

Jumamosi alasiri kinyozi alifagia nywele, akafunga saluni, akaunganisha meza mbili. Klabu ya mchezo wa Miji Saba ilikuwa inaamua ubao upi utumike kwenye mashindano: wa zamani, uliobuniwa na mshonaji wa duka la jirani, au mpya, uliorekebishwa na shemeji yake. Wa zamani kama ungeshindwa ungeishia kabatini na usingechezwa tena popote, kwa kuwa ulikuwa mmoja tu, wa kitambaa, alioushona mshonaji mwenyewe.

Walianza na huo. Kete ikifika mji wa mwenzako, sharti upige hodi, na mwenye mji anaweza kukuweka nje mpaka muelewane. Kinyozi aliwekwa nje, akanung'unika, akatoa msitu wake mzima apewe njia. Moshi wa jikoni ulipanda kutoka kwenye miji ya kitambaa, na waliokaa karibu wakaupunga usiwaingie machoni. Mchezo ulikula alasiri yote. Wawili walisinzia, mmoja wao ndiye aliyekuwa na zamu.

Ubao mpya ulikuwa wa plastiki inayong'aa, na hodi ilikuwa imefutwa. Kete ikifika, mji umechukuliwa.

"Huu sasa ndio mchezo, shemeji," alisema shemeji mtu. "Wako ulikuwa kikao cha posa."

"Kwenye posa angalau mtu huulizwa kama anataka," mshonaji akajibu.

Mji wa kwanza ulipochukuliwa, wakazi wake walitoka, warefu kama pini, magodoro kichwani. Mmoja alikuwa amebeba mlango wake. Walishuka kwa mguu wa meza, na wachezaji wakainua miguu wasiwakanyage.

"Na hawa?" mshonaji aliuliza.

"Hawana alama," alijibu shemeji yake. "Haya, zamu yako."

Mshonaji alicheza. Akachukua mji, saluni nzima ikapiga meza. Akachukua wa pili, jasho likamtoka, akavua viatu. Waliokuwa wamesinzia walikuwa wamepanda juu ya viti. Kinyozi akajaribu kumzuia upande wa bandari, akapitwa kama nguzo ya umeme. Mji wa saba ulipoanguka mshonaji aliruka, mkono juu, akicheka mpaka sauti ikakauka.

"Wanaotaka huu mpya," kinyozi akauliza papo hapo, "nyoosheni mikono."

Mikono yote ilinyooka. Wa mshonaji ulikuwa bado juu, kinyozi akauhesabu.

Mshonaji aliushusha taratibu. Alisema ule ulikuwa wa kushangilia. Kinyozi akamwambia kwa upole kwamba mkono ni mkono, shemeji yake akampongeza kwa kuwa muungwana, na kitambaa kikakunjwa huku kikifuka bado.

Wakazi walikuwa wamejazana mlangoni. Mtu aliufungua mlango kidogo, upana wa kidole, wapite bila kusumbua. Kisha miji ikapangwa upya. Ilikuwa imeshajaa watu wapya, wengine wakianika nguo. Kinyozi akauliza nani anaanza, na kila mtu, mshonaji akiwemo, akavuta kiti karibu.