Kigoda cha Pantoni

Kamba ilikuwa imelainika kama utumbo wa ng'ombe, na kila nilipoivuta, shimo la choo lilicheua. Kenga, mtoto wa baba yangu mdogo, msomi wa Makerere, alisimama hatua sita nyuma, leso puani. Nikamwambia asogee. Akasogea nusu hatua. Siku ile nilikuwa nimeamua kusema kweli, na kwa mtu kama mimi kweli haisimami bila shahidi, hata kama shahidi mwenyewe ananuka.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo, mwaka wa 1948, Kenga alikuwa amenijia Likoni na vijitabu viwili. Alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea kazi ya kutunza sanaa katika majumba ya makumbusho. Vyuo viwili vilimkubali, na jibu lilitakiwa liondoke na meli ya Ijumaa. Cha kwanza kilikuwa na profesa mwenye sifa zake, anayefundisha kutambua kitu cha kale. Cha pili kilikuwa katika mji mdogo wa baridi, na hicho kilifundisha kusafisha, kuua mchwa, kuunga kilichovunjika, na kuandika kadi ya kila kitu: kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani. Kenga alikwisha chagua cha kwanza. Alitaka tu mtu wa kumpongeza.

Nikafungua kijitabu cha profesa ili nimpongeze vizuri. Ukurasa wa tisa, nikakiona kigoda changu.

Kilikuwa kimelazwa juu ya kitambaa cheusi kama maiti ya mfalme. Kenga akanitafsiria maelezo, sauti yake imejaa heshima: kiti cha chifu wa bara, umri wake miaka mia mbili, tundu la katikati ni la kupitishia roho za mababu, mchongaji hajulikani.

Wakati wa vita nilikuwa nikiwachongea wanajeshi vijiko na vigoda. Wao walichukua kipya, wakacheka, wakaenda zao. Lakini mwaka wa arubaini na mbili alikuja bwana mmoja wa miwani, yeye hataki kipya. Kila nilichomtolea alisema ni cha juzi. Basi nikaokota ubao mnene wa pantoni ya kuvushia watu, uliotupwa ufukweni, nikachonga vigoda pacha, kila kimoja na tundu lake la bolti. Nikavifunga kamba nikavitumbukiza chooni siku arubaini. Nilipotoa cha kwanza, nikakifukiza kwa moshi wa makumbi, nikakipaka mafuta ya papa, nikamwekea barazani.

Alikinusa, akafumba macho. Kisha akatoa ulimi akakiramba, taratibu, mguu hata mguu, kama mtoto na sukari guru. Akanieleza kwamba uzee una chumvi yake. Baada ya kuuona ule ulimi sikuwa na hamu ya kukitoa cha pili, na sukari guru sijaionja tena mpaka leo.

Haya yote nilimsimulia Kenga. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Ndiyo mavuno ya mtu aliyewahi kuapa wallahi kwamba pweza wa Shelly Beach alimwibia baiskeli.

"Kaka Jefwa," akasema alipopata pumzi, "hata mimi unanionea kijicho?"

Hilo liliniingia. Nikamshika mkono nikampeleka uani.

Pacha kikaibuka kimevaa ngozi ya kijani, funza wakikihama mmoja mmoja. Nikakimwagia ndoo tatu za maji. Tundu likatokea, kutu ya bolti ingali imelizunguka. Kenga akatazama ukurasa wa tisa, akatazama kigoda, akarudi kwenye picha. Mguu ulipinda pale pale. Tezo yangu ilikuwa butu mwaka ule. Akafunua ukurasa wa kwanza, penye sura ya profesa.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Hapo ulimi ameuficha."

"Na aliramba kweli?"

"Mara mbili."

Akageukia migombani, akatapika. Nilimshika kipaji cha uso. Nilidhani nitacheka, nisicheke. Mimi halikunichefua shimo; nililichimba mwenyewe, tunajuana. Yalinichefua yale maneno mawili, mchongaji hajulikani, kutoka kwa mtu aliyekunywa chai barazani kwangu akiniita kwa jina.

Ijumaa Kenga alikiandikia chuo cha pili. Kigoda alikisugua kwa majivu na sabuni siku tatu, akaondoka nacho sandukuni.

Mwaka uliofuata ikaja kutoka Uingereza bahasha yenye kadi ya Kiswahili. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa hiyo niliifuata kwa kidole. Kigoda. Likoni, Mombasa, 1942. Ubao wa pantoni. Tundu ni la bolti. Mchongaji: Jefwa wa Mramba. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Kenga: Tafadhali kisirambwe.

Nikainusa ile kadi. Mazoea yana taabu. Ilinukia wino tu.