Taa ya Vali ya Hewa

Kila siku saa nne kamili mwongozaji alishuka ngazi ya chuma, wageni nyuma yake, na kuanza maelezo yale yale. Nyambizi hiyo kuukuu ilifungwa gatini watu waje kuitazama, na yeye, aliyekuwa baharia wake enzi zake, aliujua kila msumari wake. Wiki ijayo ingekatwakatwa iwe vyuma chakavu. Wakubwa walisema imepitwa na wakati. Ni rahisi kusema hivyo kama hujawahi kulala ndani yake.

"Zile za kwanza zilikuwa kama mapipa ya mbao," alieleza. "Wanaume wanazungusha pangaboi kwa mikono, mshumaa unawaonyesha kama hewa bado ipo. Mshumaa ukififia, juu mbio! Wengine hawakuwahi."

Akawaonyesha matangi: yakijazwa maji chombo kinazama, maji yakisukumwa nje kwa hewa iliyoshindiliwa kinaibuka. Hamna uchawi hapo. Baadaye zikaja betri za kwendea chini ya maji, na injini za dizeli za kuzichaji chombo kikiwa juu.

"Sasa dizeli inataka hewa kuliko mtu mwenye pumu, ndiyo maana kuna bomba la hewa lenye vali yake. Kabla ya kuzama, vali lazima ifungwe. Siku hizi kuna za nyuklia, zinakaa chini miezi mitatu. Kinachowarudisha juu ni chakula kuisha tu."

Wageni wakacheka. Bikizee mmoja aliyekuwa nyuma kabisa hakucheka.

"Mwanangu," akamwita, "fundi mitambo alikuwa anasimama wapi?"

Mwongozaji akamtazama. Masikio yale makubwa aliyajua. Fundi mitambo wa chombo hiki walimwita Popo kwa masikio kama hayo, na yeye na Popo walikuwa chanda na pete. Miaka kumi na tisa iliyopita, chombo kikizama, maji yaliingia kwa bomba la hewa, Popo na wenzake wanne wakafa ndani ya chumba cha injini. Tume ya uchunguzi ikasema Popo alizembea kufunga vali. Marehemu hana wa kumtetea, basi yakaishia hapo.

Aliwaambia wengine wapande juu wakapige picha, akamshika mama wa Popo mkono, akampeleka chumba cha injini. Mama akapapasa gurudumu la vali.

"Kumbe ndilo hili. Dogo hivi, na likamshinda." Akavuta pumzi. "Nimewapigia magoti mama za wenzake wanne kwa ajili yake. Mmoja alifungua mlango, aliponiona akaufunga. Sikumlaumu."

Mwongozaji angeweza kunyamaza. Wiki moja tu, na chuma chote kingeondoka na siri yake. Lakini mwanamke huyu angerudi nyumbani na aibu isiyo yake, na ndiyo ingemsindikiza kaburini. Akapiga moyo konde.

"Mama, halikumshinda."

"Unasemaje?"

"Kila vali ina taa kule mbele, kwenye chumba cha nahodha. Nyekundu, iko wazi. Kijani, imefungwa. Kuzisoma ilikuwa kazi yangu. Taa ya vali hii ilikuwa mbovu, inabaki nyekundu hata vali ikifungwa, mpaka uigonge kwa kidole. Tuliiita Mama Mkwe, maana haikubali bila kubembelezwa. Sote tulizoea. Siku ile ilikuwa nyekundu, nikaigonga, ikageuka kijani. Nikaita, 'Zote kijani!' Nahodha akazamisha. Kumbe siku ile, kabla sijaigonga, taa ilikuwa inasema kweli. Mwanao alikuwa bado anafunga."

"Umejuaje?"

"Chombo kilipoinuliwa, gurudumu lilikuwa limefika nusu. Na mlango huu aliufunga mwenyewe, kwa ndani, maji yasitufikie. Tulipona watu thelathini."

"Na tume?"

"Waliniuliza taa zilikuwa rangi gani. Nikasema kijani. Wakaamua Popo hakuikaza vali mpaka mwisho, taa ikadanganyika; hawakuuliza zaidi, nami nikafunga mdomo. Niliogopa, mama. Niliogopa jela, nikaogopa macho ya watu."

Mama akaketi juu ya sanduku la vifaa. Mwongozaji alisimama mbele yake akitamani apigwe kofi, atukanwe, lolote. Juu wageni walisikika wakiitana wakae vizuri kwenye picha.

"Baba yake aliitoa picha yake ukutani," mama akasema. "Hakutaka jina lake litajwe nyumbani. Alipokuwa anakata roho, miaka minane sasa, nilimsihi amsamehe mtoto. Akageukia ukuta. Akaenda hivyo hivyo."

Mwongozaji akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Mimi nipo hai, labda siku moja nitakusamehe," akasema. "Lakini mume wangu nani atakwenda kumwambia?"