Kimlango cha Upande wa Alizeti

Kwa miaka kumi na moja Mzee Hezekia alikuwa akiingia kilabuni kwa Mama Jenipher kupitia shamba la alizeti. Mbele ya kilabu kulikuwa na barabara ya kwenda Misigiri, ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa, na ndani ya kanisa hilo Hezekia alikuwa mzee wa kanisa. Basi mzee wa watu alizunguka nyuma na jembe begani, kana kwamba magugu yamemshinda. Akifika jikoni alikaa kwenye kigoda, akapewa kopo lake la pombe ya mtama, akanywa, akasukutua, akatafuna karafuu mbili na kurudi nyumbani na jembe lisilo na chembe ya udongo. Alizeti zikishavunwa alipata taabu kidogo, lakini alijifunza kuinama.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Magreth, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Jenipher, hakuwahi kufungua mdomo. Hata Jumapili, mlangoni mwa kanisa, alimpa shikamoo yake kama vile hajawahi kumwona akifuta povu kwenye masharubu.

Kisha Magreth akataka kubadili leseni. Mtama ulikuwa umemchosha. Mvua ikiwa mbaya, kilabu kinafungwa hata mwezi mzima. Alitaka leseni ya baa, auze bia na soda kwa wapita njia, na alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake wawili akanunua friji. Ombi likikataliwa, friji lingekuwa kabati la mchicha. Bwana afya alikuja, akapima, akaandika masharti: ukuta kuzunguka eneo lote, na geti moja tu, upande wa barabara.

Barua ya masharti ilipitia kwa Hezekia, kwa sababu alikuwa pia mwenyekiti wa kijiji. Aliisoma mara tatu. Geti moja, linalotazamana na mlango wa kanisa.

Angeweza kuacha pombe. Wazo hilo lilimjia, tusimsingizie, likakaa naye kidogo kisha likaaga. Wazo la pili halikuaga. Aliitisha mkutano wa kijiji kupinga baa, wakaja watu tisa. Sita walisema mama wa watu aachwe afanye biashara yake, na watatu waliobaki walikuwa wamekuja kuulizia mbolea ya ruzuku.

Sasa, kwetu huwezi hata kukohoa mkutanoni kabla hujasaini mahudhurio. Asiyejua kuandika anaandikiwa jina, kisha anaweka dole gumba. Mtendaji wa kijiji alikuwa likizo ya uzazi, na mafaili yote yalikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, chini ya kitanda. Hezekia alichomoa orodha ya mkutano wa kisima wa mwezi wa tatu. Juu yake paliandikwa MAHUDHURIO, basi, bila tarehe wala jina la mkutano. Watu arobaini na watatu. Akaandika muhtasari mfupi kwamba wananchi kwa pamoja wanapinga baa, akaibana orodha ile nyuma yake. Alifunga mlango kwanza, na hilo tumhesabie kwa wema. Majina hakuyasoma. Watu wake alikuwa anawajua wote, awasome wa nini?

Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikaa Alhamisi saa nne asubuhi. Aliyeiongoza alikuwa diwani, Bi Dorika, mwalimu mstaafu ambaye hakupenda kuharakishwa. Wenyeviti wa vijiji walikaa pande mbili za meza, na ubavuni mwa Hezekia aliketi Mwinjilisti Zefania, aliyealikwa kama jirani wa kilabu. Magreth alikaa kwenye benchi la mlangoni, amevaa kitenge kipya. Clement, mtendaji wa kata, alisoma muhtasari, na Magreth akasikiliza huku ameshika tama.

"Watu arobaini na watatu si haba," diwani alisema. "Soma majina, tujue kama wanaishi jirani."

"Hakuna haja, Mheshimiwa," Hezekia aliwahi. "Majina ni mengi, tutachelewa."

"Muda tunao."

Clement akasoma. Alipofika la kumi na tisa alinyamaza, akatazama karatasi, akatazama benchi. "Magreth Msengi," alisema. "Mama Jenipher, umejipinga mwenyewe?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Diwani hakucheka.

Joto lilimpanda Hezekia kutoka shingoni hadi utosini, kwa sababu hapo ndipo alipokumbuka. Siku ya kisima Magreth alileta ndoo ya uji, maana watu walikuwa wameshinda na njaa. Alikuwa anaondoka zake, na ni yeye Hezekia aliyemwita arudi: kila aliyefika lazima awe kwenye orodha. Ni yeye aliyemshika mkono na kumgandamizia dole gumba kwenye wino.

Magreth alisogea mezani, akaitazama karatasi kwa makini.

"Dole hili ni langu," alisema. "Nililiweka siku ya mkutano wa kisima."

Kisha akamtazama Hezekia. Mzee alishika ukingo wa meza. Ya kusema mama yule alikuwa nayo mengi, na yote yangekuwa ya kweli.

"Karatasi zitakuwa zimechanganyika, Mheshimiwa," Magreth alisema. "Mzee anafanya kazi yake na ya mtendaji, yuko peke yake, na macho nayo si ya ujana."

"Ndivyo, Mwenyekiti?" diwani aliuliza.

"Zimechanganyika," alisema Hezekia.

Neno lilimtoka jepesi kabisa, na hapo ndipo aliposikia aibu yenyewe. Ile ya kukamatwa ilikuwa cha mtoto. Hii ilikuwa ya kuokolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka kummaliza. Alitamani Magreth angemtukana.

Orodha iliwekwa kando na ombi likapita bila mpinzani. Diwani alimuuliza Magreth kama ana la kuongeza.

"Naomba sharti moja lilegezwe," Magreth alisema. "Geti la barabarani nitaliweka. Ila niruhusiwe na kimlango kidogo nyuma, upande wa alizeti."

"Cha nini?" aliuliza Clement. "Bwana afya amesema geti moja."

"Nina mteja wangu wa siku nyingi, mtu mzima. Akilazimika kupita mbele ataona aibu. Sipendi biashara yangu imvunjie mtu heshima."

"Mteja gani huyo?"

"Jina lake halina kazi hapa, mtendaji."

Diwani aligonga kalamu mezani, akifikiri. "Tunaweza kulipeleka wilayani kama pendekezo. Tupige kura. Wanaoafiki kimlango cha nyuma..."

Mkono wa Hezekia ulikuwa juu. Asingeweza kueleza ulipandaje. Ulikwenda wenyewe, kama mguu unaoijua njia ya nyumbani. Alitazama kushoto, mikono ya wenzake ilikuwa mezani. Kulia, vilevile. Walikuwa bado wanasubiri diwani amalize swali. Kisha wakaanza kugeuka kumtazama, mmoja baada ya mwingine, na aliona kwenye kila uso pale ambapo jambo lilieleweka. Hakuna aliyecheka. Angetoa mbuzi siku ile kwa mtu wa kucheka. Magreth alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

Mwinjilisti Zefania alimgusa kiwiko. "Shusha mkono, mzee," alinong'ona.

Hezekia hakuushusha. Alijua akiushusha tu hatasema tena maishani.

"Ile orodha niliibana mimi," alisema. "Kwa makusudi. Mama huyu hana kosa."

Clement, ambaye kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa, alimtazama diwani na kuuliza kwa upole aandike nini kuhusu kimlango.

"Andika ameafiki mmoja," alisema diwani.

"Na jina, Mheshimiwa?"

Diwani alisita. Macho yake yalikwenda kwa Magreth, na Magreth akatikisa kichwa kwamba lisiandikwe.

"Andika Hezekia," mzee alisema, mkono ukiwa bado juu. "Hilo halijachanganyika na lolote."