Dakika ya Sekunde Hamsini

Krrrr.

Giza lilikuwa halijaondoka. Sauti ilitoka sebuleni, ikakatika, ikaja tena: krrrr. Nikajua si panya, maana panya hana subira ya kuvuta kitu kirefu namna ile. Nikashuka kitandani bila kandambili, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, nikawasha taa.

Binti yangu alikuwa amepiga magoti sakafuni na gauni lake la kulalia, utepe wa gundi mkononi, ncha yake ameing'ata kwa meno. Mbele yake kulikuwa na boksi. Ndani ya boksi alikuwa amepanga mashine ya gemu, pedi mbili na waya zake zimeviringishwa vizuri, na ile kaseti ya mashindano ya magari ameivisha soksi ili isikwaruzike.

"Unafanya nini alfajiri yote hii?"

"Namrudishia baba," alisema, utepe ukiwa bado mdomoni. "Ni ya kwake. Acheze na watu wasiodanganya."

Ana miaka minane. Neno hilo la kudanganya hakulitoa hewani. Tulimpa sisi, baba yake na mimi.

Baba yake yuko nchi ya mbali, mwaka wa tatu sasa, anafunga vyuma vya maghorofa. Anasema utotoni mtaani kwao mtoto mmoja tu alikuwa na mashine ya gemu, na yeye aliishia kuichungulia dirishani mpaka pua ikaacha alama kwenye kioo. Kule aliko, siku moja akazikuta mbili za aina ileile kwenye soko la vitu vilivyotumika, kuukuu, zimekuwa za njano kama meno ya mvuta sigara. Akanunua zote mbili pamoja na kaseti zake. Moja akabaki nayo chumbani kwake, nyingine akampa mwenzake wa kazini aliyekuwa anarudi huku. Ndani akaweka karatasi: "Kwa dereva wangu. Jumapili tushindane."

Tulipoichomeka mara ya kwanza kwenye televisheni yetu ya chogo, picha ikawa inapanda juu bila kukoma, nyeusi na nyeupe, kama karatasi inayokimbia kwenye mashine ya kuchapia. Binti yangu alikaa akaitazama hivyohivyo nusu saa kwa mapenzi. Mwishowe nikaifunga kwenye kanga nikaipeleka kwa Fundi Waya, anayetengeneza redio na pasi nyumba ya nne kutoka kwetu.

"Shemeji, hii imezoea kwao," aliniambia, akiwa ameshaifungua kifua. "Televisheni yenu haielewi inachosema." Akachomelea swichi ndogo nyuma, ya ukubwa wa punje ya mahindi. "Nimeishusha ikae sawa na huku. Sasa itakwenda mwendo wetu."

Nikacheka. Nilidhani anatusema sisi watu wa polepole.

Kweli picha ikatulia, na rangi zikaja. Basi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana simu ikawa inaegemezwa kwenye kikombe, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na baba na bintiye wanashindana, yeye kwenye mashine yake na huyu kwenye yetu.

"Dereva, uko tayari?"

"Tayari!"

"Moja, mbili, tatu!"

Nikawa nasikia muziki wa gemu mara mbili, wa simuni na wa sebuleni, na haukupatana. "Muziki wenu unasinzia!" mume wangu alikuwa akitania. Kisha, binti yangu akiwa ndio kwanza anaikata kona ya mwisho, ulimi nje, baba mtu anapiga yowe: "Nimefika!"

Jumapili ya kwanza alimwuliza, "Wewe umetumia muda gani?"

"Dakika moja na sekunde kumi na nne."

"Rudia."

"Moja na kumi na nne, baba. Imeandikwa hapa."

"Mimi kumi na sita. Sasa dereva, umefika nyuma yangu, nimekusubiri mpaka nimepiga miayo, halafu umenishinda? Usinitie changa la macho!"

Wakacheka wote wawili. Jumapili ya pili ikawa vilevile, na kicheko kikapungua. Ya tatu mume wangu hakucheka. "Mwanangu," alisema, na sauti yake ikawa ile ya kutoka mbali hasa, "kushindwa si aibu. Aibu ni uongo." Binti yangu akanigeukia mimi.

Nami, badala ya kumkumbatia, nikajifanya hakimu. Jumatatu yake nikamwambia acheze peke yake, akianza apige kelele, akifika apige kelele. Nilisimama mlango wa jikoni na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, macho kwenye saa ya ukutani. "Naanza!" Mkono wa sekunde ukazunguka. "Nimefika!" Dakika moja na sekunde ishirini na tisa.

"Ngapi?" nilimwuliza.

"Moja na kumi na nne!"

Nilipokausha mikono nikaingia, kioo kilikuwa kimeshahamia kwenye bendera na makofi, namba hakuna, na kaseti ile haihifadhi kitu. "Mwanangu," nilisema, "saa ya ukutani haina baba wala mama. Haimpendelei mtu. Umesema uongo."

Hakulia. Alizima mashine, akaweka pedi chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Jumapili iliyofuata simu ilipoita akaingia bafuni, akakaa humo mpaka baba yake akakata.

Na ndiyo maana alfajiri ile nilimkuta na boksi. Nilimwomba asubiri, posta hawafungui na giza. Nikalipandisha boksi juu ya kabati, naye akaniangalia nikilipandisha kana kwamba napandisha kitu chake cha mwisho duniani. Kazini kutwa nzima, pale dukani ninapotoa nakala za vyeti vya watu, nilitoa ukurasa mmoja mara tisa bila kujijua.

Jioni hiyo nilikuwa na darasa. Tunasoma umeme katika shule ya msingi watoto wakishaondoka, watu wazima kumi na mmoja tumekunja magoti kwenye madawati ya darasa la pili. Mwanamke ni mimi peke yangu. Mwalimu wetu, mstaafu wa shirika la umeme, huchora mawimbi ubaoni kwa mkono usiotetemeka hata kidogo.

"Umeme wa majumbani kwetu," alisema, "unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Ziko nchi unakwenda mara sitini. Televisheni za zamani zilifuata mdundo huohuo. Huku zilichora picha hamsini kwa sekunde, kule sitini."

"Kwa hiyo wenzetu filamu inawaishia mapema, wanawahi kulala!" akasema fundi rangi anayekaa nyuma yangu. Darasa likacheka.

"Filamu zinarekebishwa kwanza," mwalimu akajibu bila kugeuka. "Lakini kuna vitu vinavyohesabu picha badala ya kuhesabu muda. Gemu za zamani, kwa mfano. Gemu ya sitini ukiilazimisha kuchora hamsini, inakwenda polepole, na yenyewe haijui."

Kalamu yangu ikasimama. Nikanyoosha mkono juu, kitu ambacho si kawaida yangu.

"Mwalimu, na saa yake? Ile inayoonekana kwenye kioo wakati mtu anacheza?"

"Nayo inahesabu picha. Ikifika sitini, inasema sekunde moja imepita."

"Hata kama imepita zaidi?"

"Itajulia wapi, binti yangu? Haina dirisha."

Sikusikia tena kilichofundishwa jioni ile. Daftari langu la siku hiyo lina mistari minne na doa la wino.

Asubuhi, binti yangu alipokwisha kwenda shule, niliomba ruhusa dukani ya kuchelewa. Nikalishusha boksi, nikakata utepe kwa kisu cha nyanya, nikachomeka kila waya mahali pake. Nikaivua kaseti soksi. Mashindano yalipoanza niliiacha gari palepale kwenye mstari, wengine wakaondoka wakaniachia vumbi. Sikuhitaji gari. Nilihitaji ile saa ndogo ya kwenye kona ya kioo.

Nikaitazama saa ya ukutani mpaka mkono wa sekunde ukamaliza mzunguko mzima. Nikaangalia kwenye kioo.

Hamsini.

Nikarudia. Hamsini. Mara ya tatu nikashika na saa ya simu pia, nisije nikamsingizia mtu tena. Hamsini. Nikakaa sakafuni na penseli, nikazichukua sekunde zake sabini na nne nikazigeuza kuwa za ukutani, kama mwalimu alivyotuonyesha. Zikatoka themanini na tisa kasoro kidogo sana. Dakika moja na sekunde ishirini na tisa: ileile niliyomhukumia.

Saa ya gemu ilisema ilichokihesabu. Ya ukutani pia ilisema ilichokihesabu. Na mtoto alisoma alichokiona.

Niliporudi kutoka kazini jioni nilikuta ameshaiona mashine imechomekwa, amesimama mbele yake na begi la shule bado mgongoni. Nikamkalisha. Nikamwonyesha saa mbili, nikamchorea mawimbi nyuma ya karatasi ya nakala iliyoharibika, la hamsini na la sitini, nikamweleza kuhusu swichi ya Fundi Waya na kuhusu picha. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata alama zote. Maneno yalinitoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Kwa hiyo ile kumi na nne yangu ni ya kweli?" aliuliza.

"Ya kweli kabisa! Ulitumia picha chache kuliko baba. Yeye alifika mapema kwa sababu mashine yake inakimbia. Unaona? Tatizo ni umeme tu."

"Umeme tu," alirudia.

Akavua begi, akalitundika. Nilitegemea aruke, lakini hakuruka. Nikasema moyoni, anamngoja baba yake. Furaha hii anamwekea yeye. Basi sikungoja Jumapili. Nikampigia mume wangu, nikampata mapumzikoni, vyuma vinagongana nyuma yake, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Nikamsikia akisogea mbali na kelele za vyuma.

"Rudia hapo pa saa," alisema.

Nikarudia.

"Yaani Jumapili zote tatu..."

"Zote tatu."

"Nipe dereva wangu."

Safari hii hakwenda bafuni. Alikuja akaipokea simu kwa mikono miwili, akakaa nayo kwenye mkeka. Mimi nikainama nyuma ya televisheni kupanga waya, nimsaidie kuwa peke yake na baba yake, ingawa masikio niliyaacha hukohuko mkekani.

"Mwanangu," mume wangu alisema. "Ulinishinda. Ulinishinda mara tatu, na mimi nikakuita mwongo mbele ya mama yako. Baba alikosea. Baba mzima na ndevu zake. Nisamehe."

Nikachungulia kwa pembeni mwa televisheni.

"Upo, dereva?"

"Anatikisa kichwa," nilimwambia kutoka nyuma ya televisheni.

"Anatikisa kukubali au kukataa?"

"Kukubali. Ni umeme tu, baba dereva, ameelewa. Nimemchorea mpaka mawimbi."

"Sikuulizi wewe, mwalimu wa mawimbi. Namwuliza yeye. Dereva, umenisamehe?"

"Nimekusamehe," binti yangu alisema polepole.

Nikasikia mume wangu akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Basi mbona sauti hiyo bado nzito? Imebaki nini tena?"

Nikainua kichwa, waya mkononi. Binti yangu alikuwa hatazami simu. Alikuwa ananitazama mimi, bila hasira, kwa macho yaleyale aliyonigeuzia ile Jumapili ya tatu. Akaileta simu karibu na mdomo.

"Mama bado hajaniomba msamaha."