Sindano ya Siku Tatu

Jumanne asubuhi Saliha alikuwa barazani kwake, avenyu ya kumi na moja, Buyenzi, akiishonea kanzu ya Mzee Atumani mkono wa kushoto kwa mara ya tatu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kitambaa kitupu, sauti ikapita. Wa pili aliutia bitana, sauti ikapita chini chini kama redio ya jirani. Huu wa tatu aliujaza pamba na kipande cha blanketi, na mzee alipouvaa ukawa mnene kama mto wa kulalia.

"Sasa sikiliza," Mzee Atumani alisema.

Wakasikiliza wote wawili. Kutoka ndani ya blanketi mkono ulisema: *Sikufika Maka. Niliishia Dar es Salaam.*

"Bado kidogo," Saliha alisema, akachukua uzi.

Mugiga, ile homa ya uti wa mgongo, iliingia Bujumbura kiangazi cha mwaka 2002, vita ikiwa na miaka tisa, na serikali ikaleta chanjo. Chanjo ilikuwa nzuri na ya bure. Ilikuwa na jambo moja tu. Pale sindano ilipoingia palibaki tundu dogo lenye midomo miwili, kama tundu la kifungo, na kwa siku tatu tundu hilo lilisema lile neno ambalo mwenye mkono alikuwa amelinyamazia kuliko yote. Siku ya nne lilifumba, likabaki kovu, na mugiga haikumpata tena mtu huyo. Yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, chini ya maumivu ya bega na juu ya kukosa hamu ya kula.

Mzee Atumani aliendelea kuitwa Haji. Watu walikohoa kidogo kabla ya kulitamka jina, basi.

Aliyewahimiza watu wachanjwe alikuwa Massoudi, shefu wa mtaa, mtu mnene mwenye kipaza sauti cha betri sita. Ijumaa ya kwanza alipita avenyu zote akitangaza kwamba asiyechanjwa ni adui wa watoto wa wenzake, na kwamba yeye Massoudi hatamtilia sahihi karatasi yoyote, iwe ya ndoa, iwe ya kuzaliwa. Ili kuonyesha mfano alimtanguliza mdogo wake Musafiri, fundi wa magari. Musafiri alikunja mkono wa shati, akadungwa, akapigiwa makofi, akarudi gereji. Saa kumi jioni, akiwa amelala chini ya Toyota huku wateja wamesimama, mkono wake ukaanza kusema: *Mabati ya Kamenge tuliyabeba kwa kamioneti ya Massoudi. Safari saba.*

Hakuna aliyeshtuka. Nusu ya waliokuwa pale walilala chini ya mabati hayo hayo, yaliyong'olewa kwenye nyumba za waliokimbia vita, na mvua ilipopiga yalikuwa yakiwakumbusha. Lakini jambo kulijua ni kitu kimoja, na kulisikia likisemwa mbele ya wateja, tena lile lile kila baada ya dakika tano mpaka Jumatatu, ni kitu kingine.

Jumapili Massoudi alipita tena na kipaza sauti kile kile. Sasa alitangaza kwamba chanjo hukausha vizazi, kwamba imepikwa na mafuta ya nguruwe, na kwamba kila mutu ana haki juu ya mwili wake. Ikaundwa kamati ya Haki ya Mwili, naye akawa mwenyekiti. Watu waliokuwa wamesukumana kwenye foleni siku ya Ijumaa wakasukumana kwenye kamati siku ya Jumapili, karibu kwa mpangilio ule ule. Aliyeonekana akielekea kwenye baraza ya shule, mahali pa kuchanjia, hakujibiwa salamu njiani. Aliyerudi kutoka huko alijibiwa kwa haraka, na watu wakasogea mbali kabla mkono wake haujapata nafasi.

Kisha askari wa bariyeri, kile kizuizi cha njia ya sokoni, wakaanza kudai karti ya chanjo. Massoudi hakuona shida. Ofisi yake ilitoa karti zenye muhuri kwa kila aliyetaka, bila sindano. Hivyo watu wa mtaa wakawa na haki ya mwili nyumbani na karti ya chanjo mfukoni, na kwenye mafaili ya mjini avenyu zote zikaandikwa kuwa zimechanjwa mpaka mtoto wa mwisho. Barua ya pongezi ililetwa na pikipiki. Massoudi aliisoma kwa kipaza sauti, mapema kidogo, kwa sababu alasiri kulikuwa na mazishi mawili.

Mchanjaji alikuwa mwanamke anayeitwa Adélaïde. Kila asubuhi alitoka Musaga kwa basi na sanduku lake la barafu, akakaa kwenye dawati la shule, akasubiri. Zamani aliishi avenyu hii hii, nyumba ya tatu kutoka kwa Saliha, pamoja na mume wake Libère, mwalimu wa hesabu. Mwaka 1995, siku zile za mji kufa, maduka na kazi vikifungwa kwa nguvu, vijana walipoziba njia na kuwasimamisha watu kuwatazama sura kujua kabila lao, Libère alitoka kwenda kutafuta maziwa ya unga na hakurudi. Adélaïde alipita kila mlango akiuliza. Saliha alimwambia siku hiyo hakuwepo, alikuwa Buterere kwa shangazi yake.

Tangu siku hiyo Adélaïde alimwita dada. Kila mwaka alimletea kitambaa amshonee gauni, na kila mwaka Saliha alilishona vizuri kuliko magauni yote, akipiga mishono miwili pale ambapo mmoja ungetosha.

Ukweli ni kwamba siku ile Saliha alikuwa ndani. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Libère alibisha mara tatu, akamwita kwa jina lake. Saliha alikuwa amejikunja nyuma ya cherehani na kitoto chake Khadidja, na ili kisilie alikitia ziwa mdomoni, akalibana. Mtaa wote ulisifiwa nchi nzima kwa kuwafungulia watu milango, na kweli wengi walifunguliwa. Yeye hakufungua. Kwa miaka saba hakuwahi kulisema hilo hata kwenye sujudu.

Sasa Khadidja alikuwa na miaka minane. Jumatano alirudi mapema kutoka shuleni akasema anakaa peke yake kwenye dawati, kwa sababu mwenzake Mawazo amekufa. Akaongeza kwamba shingo inamuuma. Saliha akamwinamisha kichwa, kwa kuwa shingo yenye mugiga haikunjiki, mpaka kidevu kikagusa kifua. Kiligusa. Alikuwa amelala vibaya tu. Saliha akarudi kwenye cherehani.

Alasiri ile Massoudi mwenyewe akaja. Hakuja na kipaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka juu ya cherehani karti mbili, moja ya Saliha, nyingine ya Khadidja, zimejazwa kwa mwandiko mzuri.

"Nimesikia unataka kwenda kwenye baraza ya shule," alisema.

"Nimesema hivyo kwa nani?"

"We hukusema. Uso wako umesema." Alicheka kwa upole. "Mama Khadidja, mi si mutu wa kutisha watu. Lakini mkono wako ukisema, utamwambia nini yule mama? Siku ile wote tulikuwa nyumbani. Mi najua, we unajua. Karti hizi hapa. Mutoto apite bariyeri, nawe upite."

"Na mugiga? Nayo inasoma karti?"

"Hiyo ni ya Mungu," Massoudi alisema, akanyanyuka. "Ya watu ndiyo hii."

Alipoondoka, Saliha alizitazama karti kwa muda mrefu. Muhuri ulikuwa bado mbichi. Alifikiria kumpeleka Khadidja peke yake, yeye abaki na karti. Lilikuwa wazo zuri, akakaa nalo mpaka wali ukaungua. Halafu akafikiria kwamba akiumwa yeye akafa, mtoto atalelewa na watu wa avenyu hii. Akazitia karti zote mbili kwenye jiko.

Asubuhi akamshika Khadidja mkono, wakatembea katikati ya barabara. Majirani walikuwa wamesimama milangoni. Mmoja alisema, "Saliha, fikiria jina la baba yako." Mwingine aliita, "Apana, dada, rudi!" kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake atoke mtoni. Kamati ya Haki ya Mwili ilikuwa imeweka benchi mbele ya shule kuwazuia watu, ati wasichaguliwe la kufanya na wengine, na iliwabidi mama na mtoto wapite kwa ubavu.

Khadidja alichanjwa kwanza. Alikunja uso, hakulia. Mkono wake ulifunguka papo hapo na kusema kwa sauti nyembamba: *Termosi ni mi niliyevunja.*

"Nilijua," Saliha alisema.

"Sasa we, dada," Adélaïde alisema, akimpangusa bega kwa pamba. Alikuwa amevaa gauni la mwaka jana, lile la mishono miwili. Alidunga bila kuumiza, akageuka kuandika karti. Alikuwa amefika kwenye tarehe wakati mkono uliposema:

*Libère alibisha. Nilikuwa ndani.*

Kalamu ilisimama. Kisha Adélaïde akamaliza kuandika tarehe, akaweka nukta.

"Alibisha mara ngapi?" aliuliza.

Mkono ulikuwa na neno lake moja tu, ukalirudia. Ikabidi Saliha ajibu kwa mdomo.

"Tatu. Aliita jina langu."

"Halafu?"

"Halafu akaenda kwa Massoudi. Nikasikia mlango ukifunguliwa." Saliha alitazama chini. "Nikamshukuru Mungu. Nikasema, amepona."

Adélaïde alifunga kifuniko cha sanduku, akakifungua, akakifunga tena.

"Sogea," alisema. "Kuna watu nyuma yako."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Saliha akasogea.

Siku hiyo hiyo Adélaïde alibeba sanduku lake mpaka kwa Massoudi. Saliha alifuata kwa mbali, mkono wake ukisema njiani, watu wakifunga madirisha taratibu ili wasionekane kuwa na haraka. Massoudi alimkaribisha mgeni vizuri, akaagiza Fanta, akamsikiliza. Adélaïde akatoa sindano, akaiweka mezani kando ya chupa.

"Nimeshachanjwa, mama," Massoudi alisema, akatoa karti.

"Nani kakuchanja?"

"Ofisi."

"Ukirudia haidhuru. Leta mkono, Massoudi. Sitaki kingine."

Massoudi aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni mtoto wa dada yake aliyeachiwa amtunze. Akaukunja kifuani, akaufunika na wa kulia.

"Mwili wangu ni wangu," alisema. "Nchi hii imemwaga damu nyingi kwa sababu ya kulazimishana. Mi siwezi kuanzisha tena mambo hayo. Ni chaguo langu, mama. Liheshimu."

Waliokuwa wamesimama nje walikubali kwamba amejibu vizuri. Adélaïde akamaliza Fanta, kwa kuwa ilikuwa imeshafunguliwa, akarudi Musaga.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo Massoudi hakuweza kuinamisha shingo. Akamwita Adélaïde, naye akaja, akakaa kando ya kitanda kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Alimpoza paji la uso kwa kitambaa chenye maji, na kila Massoudi alipofungua macho alimuuliza, "Ulimpeleka wapi?" Massoudi alisema maneno mengi, lakini yote yalikuwa ya homa: alihesabu betri, akaomba afunguliwe kipaza sauti. Akafa na mkono mzima usio na kovu.

Mazishi yalijaza avenyu tatu. Aliyezungumza kwa niaba ya wazee alikuwa Haji Atumani, na alisema kwa machozi kwamba katika siku hizi za aibu, mikono ya watu ikiropoka kila pembe, mkono wa marehemu haukuwahi kumsema mtu. Watu waliitikia kwa nguvu.

Kule mjini faili la mtaa wa Massoudi lilikuwa ndilo zuri kuliko yote. Kabla mvua hazijaanza walijenga chumba cha chanjo kando ya shule, chenye bati jipya, na juu ya mlango wakaandika kwa rangi ya buluu jina la shefu aliyewachanja watu wake wote. Adélaïde akapangiwa kufanya kazi humo. Alipelekewa barua, akaitilia sahihi. Kwa Saliha hakuleta tena kitambaa, ila walipokutana alimsalimu, akamwita kwa jina lake tu.

Siku ya kufungua chumba, bwana mkubwa kutoka mjini alisimama na mkasi mbele ya utepe. Adélaïde alisimama chini ya lile jina, amevaa koti jeupe, ufunguo mkononi. Saliha alikuwa safu ya pili. Mkono wake ulikuwa umefumba zamani, umebaki kovu kama punje ya mtama. Akanyanyuka, akafungua mdomo wake mwenyewe.

"Libère alibisha," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mi sikufungua. Massoudi alifungua, na Libère hakutoka tena."

Bwana mkubwa alishusha mkasi, akangoja kwa adabu, jinsi watu walivyokuwa wamezoea kungoja mkono umalize kusema. Wanawake wa safu ya pili walisogea kumpisha akae. Jirani yake mmoja alimgusa bega la kushoto polepole, asimtoneshe.

"Leo ni siku ya ngapi?" alimuuliza.

"Si mkono," Saliha alisema. "Ni mi ninayesema."

"Ndiyo, dada. Ni ya siku tatu tu. Itapita."

Saliha akarudia, watu wakangoja tena. Aliponyamaza, bwana mkubwa akakata utepe, na Adélaïde akaingia wa kwanza, kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye.