Mastura Haapi

Walitaka aape. Sharti lilikuwa hilo moja tu. Mastura aweke mkono juu ya Msahafu mbele ya ukoo wa mumewe, aseme hatamdhuru mwanawe, ndipo arudishiwe mtoto. Akikataa, Warda abaki Mikindani kwa bibi yake, na Mastura abaki kwangu Ufukoni mpaka wao watakapoona amepona.

Mimi ni babu yake, mzaliwa wa Mpapura, nimemlea tangu mama yake alipofariki. Habari ile iliponifikia nilifurahi, maana niliona ni jambo jepesi. Unasema maneno machache, unabeba mtoto, unarudi nyumbani. Nikamwendea uani alikokuwa anasuka mkeka, nikamwambia Ijumaa baada ya swala tunakwenda Mikindani kuapa.

"Siapi, Babu," akasema. Hakuinua macho kwenye ukindu.

Ili nieleweke ni lazima nirudi nyuma kidogo.

Mambo yalianzia jikoni kwa mama mkwe wake, Bi Saida. Mastura alikuwa anapara samaki, mtoto amelala pembeni. Kichwani ikamjia picha ya kile kisu na mtoto. Hakuwa na hasira wala nia yoyote. Ilikuwa picha tu, imeingia kama kuku anavyoingia sebuleni, bila hodi. Mtu mwingine angeifukuza akaendelea na samaki wake. Mastura alitupa kisu, akanawa mikono, akaapa kimoyomoyo kwamba hatafanya. Kesho yake picha ikarudi, akaapa tena. Ikafika mahali hashiki kisu wala mkasi, hathubutu kumwogesha mtoto akiwa peke yake. Mwisho akavificha visu vya nyumba nzima chini ya gunia la mkaa. Bi Saida alipouliza visu viko wapi, Mastura, ambaye tangu utotoni hajui kusema uongo hata ule wa adabu, akamweleza yote.

Siku hiyohiyo aliletwa kwangu na begi lake, bila mtoto. Asadi, mumewe, ndiye aliyemleta. Ni fundi kule Madimba, kijana mpole, na upole wake wakati ule ulinichefua. Alishusha begi, akasema, "Mama anaona ni salama zaidi hivi, Babu," akaondoka.

Bi Saida alitaka mjukuu wangu apelekwe kupungwa mashetani. Nilimjibu kwamba kama kuna shetani nyumbani kwangu basi halipi kodi, na sijawahi kulikuta. Nikampeleka hospitali. Muuguzi wa kliniki ya watoto alitusikiliza, akatuelekeza kwa Doris.

Doris ni binti wa Mbeya, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nilimwita daktari, akanisahihisha, akasema yeye ni mwanasaikolojia. Nililitamka neno hilo polepole mpaka likakaa mdomoni. Nilijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni, na neno jipya likija kwangu siliachi lipite bila kulikaribisha.

Nilitazamia maswali ya haraka na karatasi. Lakini Doris alimwangalia Mastura kidogo, akamwona ameziba sikio moja, akaenda kuzima feni. Akavuta pazia. Akamwambia anaweza kukaa chini kama anapenda, na kama ana kazi ya mikono aitoe.

"Na si lazima unitazame ukizungumza," akasema. "Macho yako ni yako."

Mastura akakaa sakafuni, akatoa ukindu kwenye mkoba. Asubuhi ile alizungumza maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake mwaka mzima, huku vidole vikisuka. Aliruhusu nibaki. Nilisikia mengi ambayo nilikuwa nimeyaona tangu alipokuwa mdogo na kuyapa majina mabaya. Nilidhani ni deko alipokataa chakula kikigusana na mchuzi, na alipokimbia ngoma nilidhani ni kiburi.

Tulikwenda mara kadhaa kabla Doris hajatuambia aliyoyaona. Alisema mambo ni mawili, na yasichanganywe.

"La kwanza ni namna alivyozaliwa. Ubongo wake unasikia kelele kwa ukali kuliko wangu na wako, unapenda vitu vikae kwa mpango, na macho ya watu yanauchosha. Ni aina ya usonji. Hilo si ubovu, Mzee Jumanne. Sina dawa yake, na wala siitafuti. La pili ndilo linalomtesa. Wazo baya likipita kwako, unaliacha lipite. Kwake linageuka mashtaka, na anajitetea kutwa. Anajitetea kwa kuapa, kwa kuficha visu, kwa kuuliza watu. Akijitetea anapata nafuu kidogo, kisha mashtaka yanarudi na nguvu mpya."

"Lakini mtoto," nikasema. "Mtoto yuko salama naye?"

"Mtu anayetaka kudhuru hakimbii kisu akilia. Anaogopa hivi kwa sababu jambo lenyewe ni kinyume cha moyo wake. Nimempima kwa makini, na simwoni kuwa hatari kwa mwanawe. Nitamwandikia mumewe hivyo."

Nikamkumbuka jamaa mmoja wa zamani ambaye alikuwa akirudia udhu hadi wenzake wanatoka msikitini, naye bado anasugua viwiko. Sisi tulisema ana wasiwasi, tukamcheka. Nikamweleza Doris.

"Ni huyohuyo," akasema. "Kabadilisha kanzu tu."

Kisha yakaanza mazoezi. Zoezi la kwanza lilinikasirisha. Mastura aliweka kisu mezani, pembeni yake akaweka gauni la Warda, akakaa akivitazama bila kuapa na bila kukimbia, mpaka woga ushuke wenyewe. Nilimwona akitokwa jasho, nikawaza kwamba yule binti wa Mbeya ndiye anayehitaji kupimwa. Lakini woga ulishuka. Kesho yake ulipanda tena, ukashuka mapema zaidi. Baadaye akawa anakata nyanya, gauni likiwa mapajani.

Na mimi nilipewa kazi. Mastura alikuwa na swali lake, "Babu, mimi si mtu mbaya, eti?" Aliniuliza kwenye chai, kwenye maji ya kuoga, nikiwa mlangoni naenda msikitini. Kila mara nilimjibu kwa upendo kwamba yeye ni mtu mwema. Doris akasema jibu langu ni kiapo kingine. Nisijibu tena. Niseme, "Hilo silijibu," na nibaki karibu naye.

Mimi ni mtu wa kujibu. Mtaani wakibishana juu ya tarehe au maana ya neno, wananiita. Kulizuia jibu ninalolijua kuliniuma vibaya. Mara ya kwanza niliposema, "Hilo silijibu," Mastura aliangua kilio, nami nikaenda kusimama nyuma ya choo. Baada ya wiki alizoea kuliko mimi.

"Babu, unaumia?" aliniuliza siku moja, baada ya mimi kukataa tena kumjibu.

"Kama nina jipu."

"Na hilo usilitumbue."

Sasa mwaelewa kwa nini siku ile uani hakutaka kuapa. Lakini mimi sikuelewa, au nilielewa kwa kichwa na moyo ukakataa. Usiku ule na asubuhi ya Ijumaa nilimbembeleza. Hata ndani ya bajaji, tukipita mikorosho, niliendelea.

"Ni neno moja tu, Mastura. Liseme, umchukue mwanao, mengine tutajua mbele ya safari."

"Nikiapa leo, kesho nitaamka nauliza kama niliapa sawasawa. Nitataka niape tena. Nimeshaapa mara nyingi kuliko mashahidi wote wa mahakama, Babu, na kila kiapo kilinisogeza mbali na Warda."

"Na wakikunyima mtoto?"

Mikindani ilianza kuonekana, akakaza ushungi wake.

"Wakininyima nitarudi Ijumaa nyingine. Lakini siapi."

Tulikuta wamekaa. Mzee Hassani, ndugu wa marehemu baba yake Asadi, ndiye aliyeongoza kikao. Bi Saida alikuwa na Msahafu mbele yake juu ya marfaa, kile kibao cha kusomea, umefunikwa kitambaa cheupe. Asadi alimpakata Warda. Mtoto alipomwona mama yake alijirusha, Asadi akamshika. Mastura akaketi karibu na mlango, mikono ikiwa juu ya magoti.

Mzee Hassani alieleza sharti kwa maneno mazuri. Kisha akamwambia Mastura asogee.

"Samahani, Baba," Mastura akasema. "Siapi."

Bi Saida akageukia wenzake. "Mmesikia kwa masikio yenu. Na mtazameni, hata machoni haangalii mtu. Mwenye moyo safi anaogopa nini?"

"Sijawahi kutazama macho ya mtu, Mama. Hata siku uliyokuja kuniposa nilikuwa natazama kanga yako. Ilikuwa na maembe, ukasema nina haya nzuri."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke.

"Usinichezee. Unaukataa Msahafu?"

"Nauheshimu. Ndiyo maana sitaki kuufanya kitambaa cha kufutia woga wangu, niushike leo na kesho na keshokutwa."

"Basi tuambie wewe mwenyewe, bila Msahafu," Mzee Hassani akasema kwa upole. "Una hakika hutamdhuru mtoto?"

Nilijua jibu. Kila mtu mle ndani alitaka alitoe, na mimi nililitaka kuliko wote. Nilifungua mdomo nimsaidie. Nikakumbuka, nikaufunga, jipu likinipwita.

"Mnataka hakika, Baba," Mastura akasema, "na hakika ndiyo ugonjwa wenyewe. Mimi nampenda mwanangu. Mengine ya kesho siyajui, kama ninyi msivyoyajua. Nimeamua kumlea hivyohivyo."

Bi Saida akapiga paja. "Sasa huyo ndiye wa kupewa mtoto? Mzee Jumanne, ninyi watu wa Mpapura mmezoea kubangua korosho, hapa tunazungumza habari ya mtu."

"Mama Asadi," nikasema, "mimi wa Mpapura nimefika na mguu wangu, na sikuja kuomba. Lakini kama ni kuapa, tuape wote. Aanze aliye mkubwa. Kila mmoja ashike Msahafu aseme kwamba tangu azaliwe hajapitiwa na wazo baya juu ya mtu anayempenda. Kulea ni usiku mwingi bila usingizi, tunajuana. Nani anaanza?"

Mzee Hassani alitazama kikombe chake cha kahawa. Bi Saida alirekebisha kitambaa cheupe ambacho hakikuwa kimepinda. Hakuna aliyesogea, hata mimi.

Warda ndiye aliyevunja ukimya ule. Alikuwa na njaa, na alilia kama mtu aliyedhulumiwa. Kwenye sinia kulikuwa na papai na kisu, vya wageni. Mastura akasimama, akaenda kwa mumewe, akanyoosha mikono.

"Nipe nimlishe."

"Asadi," Bi Saida akasema.

Asadi alimtazama mama yake, kisha akamtazama mkewe. Barua ya Doris alikuwa nayo, niliona pembe yake mfukoni mwa shati, imelainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Akampa mkewe mtoto.

Mastura alikaa chini mkekani, mtoto kwenye paja la kushoto, akashika kisu kwa mkono wa kulia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Nilijua ile picha imemjia, palepale, mbele ya ukoo mzima.

"Mkono unamtetemeka," Bi Saida akasema, akianza kuinuka. "Jamani, hamuoni?"

"Mama, kaa," Asadi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia mama yake neno kama hilo, na nadhani hata kwake mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza. Bi Saida akakaa.

"Acha utetemeke," Mastura akasema. "Unakata."

Alikata papai vipande vidogo, vyote sawasawa, akavipanga kwenye ukingo wa sinia kwa mstari, kama anavyopanga kila kitu maishani mwake. Akaweka kisu chini pale alipokitoa, karibu, hakukificha. Warda alikula vipande vyote, mkono mmoja umeng'ang'ania ushungi wa mama yake, mbegu moja imeganda kidevuni. Mzee Hassani ndiye aliyeufunga Msahafu kwenye kitambaa chake na kuurudisha kwenye rafu, akasema kikao kimekwisha.

Asadi alitufuata hadi kwenye bajaji akiwa na begi la mtoto na godoro dogo. Alisema atahamia Ufukoni mwisho wa mwezi, na kama sina nafasi atalala barazani. Nilimwambia baraza langu lina mbu wengi na anawastahili, lakini chumba kipo.

Tulipokuwa njiani, Warda amelala, Mastura akaniuliza, "Babu, nimefanya vizuri?"

Moyo wangu ulikuwa umejaa jibu. Nilikuwa na hotuba nzima. Nikatazama mikorosho.

"Hilo silijibu," nikasema.

Akacheka mpaka dereva akageuka. "Nilikuwa nakupima."

Bi Saida alisema hatakanyaga Ufukoni, na mpaka leo hajakanyaga. Kila Ijumaa Mastura anampelekea mtoto, anakaa naye mchana kutwa, anampikia samaki anaowapara mwenyewe, kisha anarudi na mwanawe. Picha bado zinamjia siku nyingine. Hazipigi hodi, naye hazipi kiti.